MAISHA YA BERNHARD RIEMANN, MTOTO WA PASTA ALIYEOGOPA KUSEMA MBELE YA WATU



Katika shule yetu kuna wanafunzi wanaojua hesabu vizuri kabisa ndani ya daftari. Lakini mwalimu akiwaita mbele ya tablo wafanye ekspoze, sauti inapotea, mikono inatetemeka, chaki inaanguka. Pale pale kalasi nzima inacheka. Kesho yake mwanafunzi yule anaenda kukaa kwenye benchi ya nyuma, na hatamsikia tena mtu akiuliza kitu. Tumeona hivyo kwa wavulana, na zaidi kwa wasichana.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika maisha ya mtu mmoja aliyekuwa na woga ule ule, pengine kuliko wetu. Jina lake ni Bernhard Riemann. Alikuwa Mprotestanti, mtoto wa pasta wa kijiji. Alipokuwa kijana, angali anatafuta ruhusa ya kufundisha katika univerzite, alifanya ekspoze moja ya hesabu ambayo wenye elimu hawajaisahau mpaka leo.

1. MTOTO WA NYUMBA YA PASTA

Riemann alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 9 mwaka wa 1826 katika kijiji cha Breselenz, katika ufalme wa Hannover. Siku zile Ujerumani haikuwa bado inchi moja. Ilikuwa falme nyingi kubwa na ndogo, na Hannover ilikuwa mojawapo. Baba yake alikuwa pasta wa Kilutheri, na mbele ya kuwa pasta alikuwa askari katika vita vya kupigana na Napoleon. Watoto walikuwa sita, wavulana wawili na wasichana wane. Bernhard alikuwa wa pili. Baadaye kidogo jamaa yote ikahamia Quickborn, kijiji kingine karibu na mto Elbe.

Wale kati yetu waliolelewa katika nyumba ya pasta wanajua mambo yake: wageni ni wengi na sadaka ni kidogo. Ndivyo ilivyokuwa kwa akina Riemann. Walipendana sana, lakini chakula hakikutosha na magonjwa hayakukosa. Mama yake alikufa mwaka wa 1846, na baadaye wandugu zake kadhaa wakafa wangali vijana. Bernhard mwenyewe hakuwa na mwili wenye nguvu.

Mwalimu wake wa kwanza alikuwa baba yake. Alipofika miaka kumi hivi, mwalimu mwingine alikuja kusaidia katika hesabu, na kumbe mara kwa mara mtoto alipata njia nzuri kuliko ya mwalimu. Yule mwalimu hakukasirika. Alifuata njia ya mtoto.

Mwaka wa 1840 akapelekwa mjini Hannover kukaa kwa nyanya yake ili asome sekondari. Wenzetu waliotoka Fizi mlimani, au Ubwari, au Lulimba, wanaokaa kwa shangazi na kwa wajomba juu ya masomo, wataelewa hali yake. Alitamani nyumbani kila siku. Alikuwa mwenye haya nyingi, na kusema mbele ya wageni kulikuwa kwake kama azabu. Nyanya yake alipokufa, mwaka wa 1842, akaenda shule nyingine mjini Lüneburg, karibu zaidi na wazazi.

Huko Lüneburg mkubwa wa shule aliona kwamba kijana huyu ana akili isiyo ya kawaida ya hesabu, akamruhusu kuazima vitabu vyake mwenyewe. Inasimuliwa kwamba siku moja alimpa kitabu cha Mfaransa Legendre juu ya namba, kitabu kigumu chenye kurasa zaidi ya 800. Baada ya juma moja hivi kijana akakirudisha. Alikuwa amekisoma chote, na alipoulizwa maswali juu yake baada ya miezi mingi, alijibu kama mtu aliyekifunga jana. Lakini katika kuandika insha mtu huyu huyu alichelewa sana, kwa maana hakutaka kutoa kazi yenye kosa hata moja. Basi tusifikiri kwamba alikuwa mwepesi katika kila somo.

2. RUHUSA YA BABA

Pasta Riemann alitazamia kwamba mwana wake atakuwa pasta pia. Bernhard mwenyewe alitaka hivyo, kwanza kwa sababu alimpenda Mungu, tena kwa sababu kazi ya upasta ingemletea mshahara mapema ili asaidie dada zake. Kwa hiyo alijifunza Kiebrania, na mwaka wa 1846, akiwa na miaka 19, aliandikishwa katika Univerzite ya Göttingen kwa masomo ya teolojia na lugha.

Lakini moyo wake ulikuwa upande mwingine. Alihuzuria masomo ya hesabu, na kila aliporudi chumbani alijua zaidi kwamba kazi yake ni ile. Hakujificha wala hakudanganya. Alimwandikia baba yake na kuomba ruhusa ya kuacha teolojia. Baba akakubali.

Tunaomba tusimame hapa kidogo, sababu jambo hili linasumbua nyumba nyingi kwetu. Mzazi amelipa masomo kwa feza ya samaki au ya mihogo, anatazamia mtoto awe pasta, au muganga, au mwalimu. Siku moja mtoto anakuja na neno lingine. Pengine mzazi anafikiri kwamba mtoto amemwacha Mungu. Kwa habari ya Riemann haikuwa hivyo. Rafiki zake walishuhudia kwamba maisha yake yote alikuwa na desturi ya kujipima moyo kila siku mbele ya Mungu. Aliacha kazi ya upasta, hakuacha imani. Na baba, aliyekuwa maskini na mwenye haki ya kusema hapana, alisema ndiyo.

Mwaka wa 1847 alikwenda Berlin kwa miaka miwili, kusikiliza mabingwa wa hesabu wa siku zile, hasa Dirichlet na Jacobi. Kisha akarudi Göttingen. Mwaka wa 1851 alitetea kitabu chake cha udaktari mbele ya profesa mkubwa Carl Friedrich Gauss. Gauss alikuwa mzee, tena mtu asiyesifu ovyo. Wanafunzi wengi waliondoka kwake bila kupata neno moja la kuwatia moyo. Lakini juu ya kitabu cha Riemann aliandika sifa kubwa.

3. EKSPOZE YA TAREHE 10 MWEZI WA 6, 1854

Kwetu Kongo mwanafunzi anayemaliza univerzite anaandika kitabu na kukitetea mbele ya waamuzi. Huko Ujerumani siku zile haikutosha. Mtu mwenye udaktari akitaka kufundisha alipaswa kuandika kitabu cha pili, na kisha kufanya ekspoze mbele ya waprofesa wote wa kitivo chake, wa hesabu na wasio wa hesabu. Alipaswa kutoa vichwa vitatu, nao wachague kimoja. Desturi ilikuwa kuchagua cha kwanza.

Riemann akatoa vichwa vyake vitatu. Viwili vya kwanza alikuwa amevitayarisha vizuri. Cha tatu kilikuwa juu ya misingi ya jometri, nacho hakukitayarisha bado. Gauss akakiacha cha kwanza, akakiacha cha pili, akachagua cha tatu. Yeye mwenyewe alikuwa amefikiri juu ya jambo lile kwa miaka mingi, na alitaka kusikia kijana huyu atasema nini.

Hebu tuwaze hali ya Riemann. Alikuwa na miaka 27, bila mshahara. Wakati huo huo alikuwa akimsaidia profesa Weber katika masomo ya fizike, tena alikuwa na uchunguzi wake mwenyewe juu ya umeme. Kazi zikamlemea, akaugua. Baadaye akahamia nyumba yenye bustani, afya ikarudi kidogo, naye akaimaliza ekspoze yake. Ndipo Gauss naye akaugua, na mtihani ukasogezwa mbele. Kwa gafula, siku ya Ijumaa baada ya Pentekoste, wakati wa mchana, Gauss akaamua kwamba mtihani utafanyika kesho yake asubuhi. Kijana akapata usiku mmoja tu.

Tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka wa 1854, siku ya Posho, Riemann alisimama. Hakujaza tablo na alama za hesabu. Alijua kwamba wengi waliokaa pale hawakuwa watu wa hesabu, kwa hiyo alitumia maneno zaidi, na alama chache sana. Hakufanya hivyo kwa sababu mawazo yake yalikuwa mepesi. Mawazo yenyewe yalikuwa mazito hata katika kile chumba hakuna aliyeyaelewa yote, isipokuwa pengine Gauss.

Walipotoka, yule mzee wa miaka 77 alitembea pamoja na Weber, akisifu mambo aliyoyasikia kwa furaha ambayo watu hawakuizoea kwake. Miezi minane baadaye, mwezi wa 2 mwaka wa 1855, Gauss alikufa.

4. ALISEMA NINI?

Tutajaribu kueleza kwa namna ambayo ndugu zetu wa kalasi za chini watafuata.

Jometri tunayojifunza ilitoka kwa Myunani Euclide, aliyeishi zaidi ya miaka 2000 mbele yetu. Inasema kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa zinatoa digrii 180. Watu walidhani kwamba jambo hili ni lazima mahali pote, kama vile 2 na 2 ni 4.

Lakini tuchukue mfano wa inchi yetu. Mstari wa Ekweta unapita katika Kongo, karibu na Mbandaka upande wa magaribi, na karibu na Butembo upande wa mashariki. Tuseme watu wawili wanasimama juu ya mstari ule, mmoja upande wa Mbandaka na wa pili upande wa Butembo. Kila mmoja anageuka kuelekea kaskazini sawasawa, yaani anafanya pembe ya digrii 90 na Ekweta. Wanaanza safari bila kupinda kushoto wala kuume. Katika daftari, mistari miwili ya namna ile haikutani kamwe. Lakini hawa watakutana kwenye Ncha ya Kaskazini, kwa maana dunia ni mviringo! Pembetatu yao ina digrii 90 na tena 90, ndiyo 180 tayari, na bado kuna pembe ya tatu kule juu.

Gauss alikuwa ameonyesha kwamba mtu anaweza kujua kama uso wa kitu umepinda bila kutoka nje yake. Mdudu anayetembea juu ya boga, akiwa na akili ya kupima, anaweza kupima pembe na njia zake mwenyewe, na kutambua kwamba hakai juu ya meza. Riemann akaenda mbele zaidi. Aliuliza: kama uso wa kitu unaweza kupinda, je, nafasi yote tunamokaa, yenye urefu na upana na kwenda juu, haiwezi nayo kupinda? Akajibu kwamba hatuwezi kulijua hilo kwa kulikubali tu kutoka kwa Euclide. Lazima kupima.

Tena alionyesha kwamba mahali si lazima pawe na namba tatu tu. Mvuvi wetu wa Baraka anaelewa jambo hili kuliko anavyofikiri. Kusema mtumbwi wake uko wapi juu ya ziwa, namba mbili zinatosha: umbali kutoka pwani na umbali kwenda kaskazini au kusini. Wavu ukishushwa, inahitajika namba ya tatu, yaani kina. Na kama anataka mwenzake amkute pale usiku, inahitajika ya nne, yaani saa. Riemann akasema tunaweza kuhesabu hata mahali penye namba tano, kumi au zaidi, bila kuweza kupachora. Na kwa kupima umbali alichukua ile kanuni ya Pythagore tunayojifunza sote, akaipanua ili itumike katika hatua ndogo ndogo, hata mahali palipopinda.

Mwisho alitoa wazo kwamba pengine vipimo vya nafasi vinatoka katika nguvu zinazotenda kazi ndani yake. Wakati ule hakuna aliyejua la kufanya na wazo hili. Ekspoze yenyewe haikupigwa chapa mpaka mwaka wa 1868, Riemann akiwa amekwisha kufa; rafiki yake Dedekind ndiye aliyeitoa. Miaka mingi ikapita. Mwaka wa 1912 Albert Einstein alikuwa akitafuta namna ya kueleza uzito wa vitu na mwendo wa nyota, akashindwa kwa kukosa hesabu ya kufaa. Rafiki yake Marcel Grossmann akamwonyesha jometri iliyotoka kwa Riemann. Mwaka wa 1915 Einstein akamaliza kazi yake: kumbe jua na dunia vinapinda nafasi na wakati.

Wako watakaouliza faida yake ni nini kwa mtu wa Fizi. Simu zinazoonyesha mahali mtu alipo zinapokea alama kutoka kwa satelaiti. Saa zilizo ndani ya satelaiti zile zinakwenda mbele kuliko za chini, kila siku sehemu 38 za milioni moja ya sekunde. Ni kidogo mno, lakini bila kuzisahihisha kwa hesabu ya Einstein, kosa la mahali lingeongezeka kilometa 10 hivi kila siku. Mtu angekuwa Baraka, na simu ingemweka katikati ya ziwa.

5. WASIKILIZAJI WANANE

Riemann akapata ruhusa ya kufundisha, lakini bila mshahara. Mwalimu wa namna yake aliishi kwa feza iliyolipwa na wanafunzi waliokuja kumsikiliza. Kwa somo lake la kwanza, mwaka ule ule wa 1854, walikuja wanane. Mwingine angeona haya. Yeye alifurahi sana, maana hakutazamia wengi hivyo, akamwandikia baba yake habari hiyo.

Mwanzoni hakufundisha vizuri. Aliruka hatua, kwa sababu kwake zilikuwa wazi, na wanafunzi wakabaki nyuma. Lakini alijifunza kutazama nyuso zao. Akiona nyuso zimefungwa alirudi nyuma na kueleza tena. Haya yake haikumwacha, lakini polepole aliizoea ile kazi.

Taabu nazo hazikumwacha. Baba yake alikufa mwaka wa 1855. Mwaka wa 1857 akafa ndugu yake, aliyekuwa karani wa posta na aliyewatunza dada zao. Mzigo wa dada watatu ukamwangukia Bernhard, na mshahara wake ulikuwa mdogo sana. Ni mwaka wa 1859 tu, Dirichlet alipokufa, ndipo Riemann alipowekwa kuwa profesa kamili, katika kiti kilichokuwa cha Gauss.

Mwaka huo huo aliandika kazi fupi, ya kurasa chache tu, juu ya namba tasa, yaani namba zisizogawanyika isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Chini ya 100 ziko 25, chini ya 1000 ziko 168. Riemann alitafuta kanuni ya kuzihesabu, na ndani ya kazi ile akaandika wazo moja ambalo aliliona kuwa kweli bila kuweza kulihakikisha. Tangu siku ile mabingwa wa dunia nzima wamejaribu, na hakuna aliyefaulu. Mwaka wa 2000 chama kimoja cha Marekani, Clay, kiliahidi dola milioni moja kwa atakayelihakikisha. Feza ile haijachukuliwa.

Na hapa tusione kwamba namba tasa ni mambo ya Wazungu. Kule Ishango, katika Kivu ya Kaskazini, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka wa 1950 mfupa wenye alama zilizokatwa na watu wa zamani, miaka kama 20 000 iliyopita. Safu moja ya alama zile ina mafungu manne: 11, 13, 17 na 19. Ndizo namba tasa zote kati ya 10 na 20. Wataalamu wanabishana kama ni kwa kusudi au ni bahati tu. Lakini yawezekana kabisa kwamba mtu wa inchi yetu alikaa chini akahesabu kitu, akaandika.

6. MWISHO WAKE

Mwezi wa 6 mwaka wa 1862 Riemann alimwoa Elise Koch, rafiki ya dada zake. Mwezi mmoja baadaye aliugua kifua, na ugonjwa ukageuka kuwa kifua kikuu. Siku zile hapakuwa na dawa yake. Waganga walimshauri aende inchi ya joto, akaenda Italia mara kadhaa. Binti yake Ida alizaliwa huko, mjini Pisa, mwaka wa 1863.

Safari yake ya mwisho ilikuwa mwezi wa 6 mwaka wa 1866. Zilikuwa siku za vita: jeshi la Prussia lilikuwa likiingia katika inchi yake, na mwisho wa vita ufalme wa Hannover ulifutwa. Sisi wa Fizi na Baraka hatuhitaji kuelezwa maana ya kusafiri na mgonjwa wakati wa vita. Mwaka wa 1996, na tena katika miaka iliyofuata, wengi wa jamaa zetu walivuka ziwa kwenda Kigoma na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Riemann alifika Selasca, kando ya ziwa Maggiore. Siku moja mbele ya kufa alilala chini ya mti wa tini akitazama ziwa, na kazi aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa juu ya sikio la mtu, namna linavyosikia. Hakuimaliza. Alikufa tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1866, mke wake akimwombea Sala ya Bwana. Alikuwa na miaka 39. Juu ya jiwe la kaburi lake liliandikwa neno kutoka Warumi 8:28. Kila mmoja afungue Biblia yake na kusoma.

7. TUNALOWAOMBA

Wapendwa, hatukuandika haya ili mtu aseme kwamba kila mwenye woga ni Riemann. Lakini tuangalie mambo mawili.

La kwanza, woga wake haukuondoka ndipo akasema. Alisema akiwa nao. Alichofanya ni kujitayarisha, na kuanza na kitu ambacho wasikilizaji walikijua.

La pili, alisikilizwa. Kama Gauss angecheka, au angelala, au angechagua kichwa chepesi ili mtihani uishe haraka, hatujui ekspoze ile ingekuwa nini. Kuna wakati tunawasifu wanaosema na kusahau wanaosikiliza.

Kwa hiyo, sisi wa kalasi ya sita, tukiwa karibu na mtihani wa Serikali na karibu na kuondoka, tunaomba jambo moja kwa wakubwa wetu wa shule na kwa ninyi ndugu zetu. Siku ya Posho, baada ya kazi za usafi, mwanafunzi mmoja apewe nusu saa ya kueleza jambo moja la hesabu au la fizike kwa kalasi za chini. Asiwe kila mara yule yule anayejua kusema. Wachaguliwe na wale wa benchi ya nyuma, wasichana pamoja na wavulana. Anayekosa neno la Kifransa asemee kwa Kiswahili, au hata kwa Kibembe, na waalimu wetu wamsaidie kulirudisha katika Kifransa mwishoni. Riemann mwenyewe alisema siku ile kwa lugha aliyoinyonya kwa mama yake. Mwenye swali na haya aliandike kwenye karatasi na kulipitisha mbele.

Na mtu akikosea, hakuna kucheka. Wanaosimamia kalasi wataandika jina la anayecheka, naye ndiye atakayefanya ekspoze ya Posho inayofuata.